Kofia za Mzee Sponji

Waliompa jina la Mzee Sponji hawakumwonea. Kila alipotoka karakanani kwake alikuwa na vipande vya sponji vimemganda kwenye ndevu, kwenye nywele na nyuma ya suruali, na kuna siku mke wake alimtoa kimoja sikioni wakiwa msibani kwa jirani, watu wakimwombea marehemu. Alikuwa fundi makochi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka thelathini na minane, na alikuwa akijigamba kwamba hakuna makalio ya maana mtaani pale ambayo hayajawahi kustareheshwa na mikono yake. Mdomo wake haukuwa na breki, mzee huyo, na mdomo huohuo ndio uliokuja kumponza.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango mmoja ulitazama mtaani, mwingine uliingia sebuleni. Springi zilining'inia ukutani, kopo la gundi lilikaa dirishani na kijiti chake ndani, na chini kulikuwa na magunia matatu ya mabaki ya sponji: laini ya mito, ya kati ya migongo, na ile ngumu ya kukalia. Ungemfunga macho ukampa kipande, angekibinya mara moja akakuambia kimetoka gunia lipi. Juu ya mlango wa ndani ilining'inia saa ya ukutani ya kutia ufunguo, yenye kioo kizuri kisicho na hata mkwaruzo, ambayo kila siku ilichelewa kwa dakika kumi na tano.

Saa ile ilikuwa ya dada yake. Dada alipougua na kuona hana muda mrefu, alimshika mkono akamwambia maneno mawili tu, "Kaka, nitunzie," na hakuhitaji kusema nini. Baada ya maziko Mzee Sponji alikwenda na mkokoteni, akapakia godoro, akampandisha mpwa wake wa kike wa miaka tisa juu ya godoro, na saa akaiviringisha sponji tabaka tatu, akaifunga kamba. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Walipofika, akafungua kamba mbele ya majirani, akawaonyesha kioo kizima. "Mnaona kazi ya sponji?" aliwauliza. Kesho yake saa ilianza kuchelewa, na haikuacha tena. Alilaumu vumbi, alilaumu ukuta, alilaumu hata fundi saa aliyeitazama akaguna. Kila asubuhi alipanda stuli akairudisha mahali pake, na wateja hawakumwacha salama. "Mzee, saa yako inasoma ya leo au ya juzi?"

Na yule binti alikua. Alikua mabega kwanza, mengine yakafuata. Alipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako alibeba mfuko wa saruji kama watu wengine wanavyobeba mkoba, na akajiunga na timu ya wanawake ya raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambapo watu hukabana kwa mabega hadi vumbi litimke. Wenzake wakamwita Tingatinga, kisha Tinga, maana jina refu lilichukua muda kuitwa uwanjani. Mjomba wake hakumwita hivyo hata siku moja. Yeye alimwita mama.

Kofia zilianza siku Tinga aliporudi nyumbani na sikio limechanika. Mzee Sponji hakulala vizuri. Asubuhi akampima kichwa kwa kamba, akakata sponji ya kati, akaizungushia ngozi laini iliyobaki kwenye kiti cha daktari wa meno, akashona kwa ile sindano yake iliyopinda kama ndoana, akaweka na mkanda wa kufunga kidevuni. Sikio halikuchanika tena. Nahodha wa timu akataka yake, akafuatia mchezaji mmoja wa safu ya mbele, na mwaka ulipokwisha timu nzima ilikuwa imevaa mabaki ya makochi kichwani. Michubuko ilipungua kweli, na nyusi zilizokuwa zikipasuka kila wiki zikapona. Hilo tusimnyime.

Tatizo ni kwamba hakuishia kwenye masikio. "Kichwa kikiingia humu," alikuwa akisema akiigonga kofia kwa vidole, "kimeingia benki." Ikazuka desturi. Kila kofia mpya ilipokamilika aliipeleka uwanjani mwenyewe, akaivaa kichwani pake, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na nahodha akachukua nyundo ya mbao ya kugongea vigingi kutoka kwenye mfuko wa zana. Akaipiga kofia, tena si kwa kubembeleza, huku akiita, "Hodi!" Mzee Sponji akajibu kwa sauti ya mwenye nyumba aliyeshiba, "Karibu!" Wasichana wakashangilia, na mwenye kofia akaipokea. Haikuwa na maana kofia ambayo haikupigiwa hodi.

Muuguzi wa timu, dada mmoja wa zahanati ambaye alijitolea siku zisizo za zamu, aliwahi kumvuta pembeni. "Baba, kofia zako zinasaidia sana masikio," alisema. "Lakini usiwaambie zinalinda ubongo. Hiyo ni habari nyingine."

"Binti yangu," mzee alimjibu, "mimi nimepigwa nyundo mara ishirini na mbili na bado najua majina ya wakwe zangu wote."

Muuguzi alicheka, na kwa kuwa alikuwa na heshima, akaacha.

Basi ikaja Jumapili ile. Muuguzi alikuwa zamu zahanatini. Kipindi cha pili kilikuwa kimefika katikati, na mchezaji mmoja wa upande wa pili, mwenye mapaja ya kutisha, alikuja na mpira mbio. Tinga akainama kumkaba. Aliinamisha kichwa kuliko alivyofundishwa, akakiweka upande ambao kocha kila siku aliukataza, mbele ya nyonga ya yule anayekuja. Mlio wake ulisikika hadi kwenye benchi. Tinga alilala chini kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Akainuka. Akapiga hatua moja kushoto ambayo haikuwa na sababu, akashika nyasi, akasimama tena.

Kocha alimkimbilia. "Uko sawa?"

Tinga akainua dole gumba. Kocha akasita. Alikuwa anamtazama machoni, na pengine angeona alichopaswa kuona, kama mtu mmoja pembeni ya uwanja asingeweka viganja mdomoni na kupaza sauti: "Yuko sawa huyo! Amevaa ya kwangu!"

Watu wakacheka. Hata kocha alicheka, na katika kule kucheka akageuka akatoka. Tinga alicheza dakika ishirini zilizobaki. Kofia ilirudi nyumbani bila kufumuka hata uzi mmoja, na Mzee Sponji aliikagua kwa majivuno akaitundika kwenye msumari.

Jumatatu mchana Tinga alikuja kula naye, kama kawaida yake saa ya mapumziko. Alileta mkate na mayai ya kuchemsha. Walikula, akaosha sahani kwenye beseni la uani, akarudi akijifuta mikono, akaketi juu ya gunia la sponji laini.

"Mjomba, umekula?" aliuliza.

"Nimekula na nani basi, na paka?" Mzee alicheka. Tinga naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Mzee akaendelea kushona mgongo wa kochi. Wakazungumza habari za mke wake, ambaye alikuwa ameanza kushona sare za shule na sasa hana muda na mtu. Baada ya hapo Tinga akakunja uso kama anayetafuta kitu.

"Mjomba, umekula?"

Sindano ikabaki hewani. Alimtazama usoni kuona kama ni utani, maana mpwa na mjomba hawakuishiwa utani wale. Haukuwa utani. Macho yalikuwa yanamwangalia kwa upendo uleule wa siku zote, na hayakujua kwamba yameshauliza.

"Nimekula, mama."

"Haya. Naenda kazini." Alisimama mlangoni, jua likampiga, akaweka mkono usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Akageuka. "Lakini mjomba, umekula?"

Mzee Sponji alijibu tena kwamba amekula. Kisha akamwambia arudi ndani, akae, na amweleze ukweli bila kumficha.

Ukweli ulitoka kwa mafungu. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu jana. Mwanga ulikuwa unamchoma. Asubuhi mteja alimwomba rangi, yeye akampimia misumari, na mteja akadhani anamfanyia mzaha. Usingizi ulikuwa unakuja mahali pasipotakiwa. "Lakini usimwambie mtu, mjomba," alisema, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Jumamosi wateuzi wa timu ya taifa wanakuja kutuangalia. Miaka saba nimengoja siku hii. Wakisikia neno kichwa, nimekwisha."

"Ukiumia tena je?"

"Niongezee sponji tu. Ile ngumu. Tabaka mbili. Niapie hutasema."

Akaapa. Aliapa kwa sababu alimpenda, na tusimfiche, aliapa pia kwa sababu alijipenda. Kama kofia yake ilishindwa, basi ilikuwa imekosa sponji tu, na sponji ni kitu alichokuwa nacho magunia matatu.

Jumanne na Jumatano asubuhi alifanya kazi ambayo hajawahi kuifanya hata kwa kochi la hakimu, mteja wake mkubwa kuliko wote. Alikata ile ngumu kwa wembe mpya, akaipanga vipande vipande ili izunguke vizuri, akaweka juu yake ya kati, akagandisha, akakandamiza kwa mikono hadi gundi ikashika. Mke wake aliacha sare za shule akamshonea bitana ya pamba ndani, isimkwaruze mtoto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, labda kwa sababu nyumbani maneno yote yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa. Alipokata uzi aliipima ile kofia kwa mkono.

"Mume wangu, si ulisema ile ya kwanza ni benki?"

"Ni benki."

"Sasa mtu anatoa pesa benki akaziweke benki gani tena?"

Mzee alipochukua kofia akaiweka juu ya meza ya kukatia, ilikuwa nzuri kweli, nene, imetulia. Akatazama saa kuona kama bado ana muda kabla ya mazoezi, akakumbuka kwamba asubuhi hakuirekebisha, akapanda stuli. Alifungua kioo. Alikuwa amekifungua kioo kile kila asubuhi kwa miaka kumi na minane na hakuwahi kukitazama. Siku hiyo alikitazama. Hakikuwa na mkwaruzo. Tabaka tatu za sponji zilikuwa zimekitunza kioo barabara nzima, kwenye kila shimo, na mle ndani kuna kitu kilikuwa kimelegea siku ileile asiweze kukirudisha yeye wala fundi saa.

Alishuka kwenye stuli polepole. Aliketi sakafuni, pale pale penye vumbi la sponji. Halafu akavaa viatu akaenda zahanati.

Muuguzi alimkuta kwenye benchi la wagonjwa, kofia imo mapajani. Alimwingiza chumba cha kufungia vidonda, akafunga mlango.

"Binti yangu, leo sikuja kubishana," mzee alisema. "Niambie tu. Kofia hii inazuia nini?"

Muuguzi aliichukua, akaibinya. "Inazuia mikwaruzo, sikio kuchanika, ngozi kupasuka. Hiyo si kazi ndogo, baba, usiidharau. Lakini ubongo hauko kwenye ngozi. Uko ndani ya fuvu, umezungukwa na majimaji. Kichwa kikikimbia halafu kikasimamishwa ghafla, ubongo wenyewe haujapata habari. Unaendelea. Unajipiga ndani, unatikisika. Sponji haifiki huko."

"Hata nikiongeza?"

"Hata ukimvisha godoro zima. Hata zile kofia ngumu za plastiki za michezo mingine, zinazuia fuvu lisipasuke, na watu bado wanapata mtikisiko wa ubongo ndani yake."

"Kumbe saa," mzee alisema.

"Saa gani?"

"Kuna saa nyumbani. Sasa kinachosaidia ni nini?"

"Kumfundisha mtu kukaba vizuri, kichwa kikae upande ulio salama. Na akigongwa, anatoka siku hiyohiyo, hata kama anasema yuko sawa. Apumzike mpaka apone, arudi hatua kwa hatua. Kwa sababu akigongwa mara ya pili kabla ya kupona…" Aliacha hapo, akamtazama. "Na jambo jingine, samahani nalisema. Mchezaji akiamini amekingwa, anaingiza kichwa mahali ambapo asingekiingiza."

Mzee Sponji aliiona tena ile Jumapili, Tinga anavyoinama, kichwa kinavyokwenda upande uliokatazwa bila wasiwasi wowote. Aliiona kwa uwazi ambao angependa asiwe nao.

"Ni nani, baba?" muuguzi aliuliza.

"Nimeapa kwamba sitasema. Nipe siku moja."

"Hiyo siku moja unaniomba mimi, au unaomba hicho kichwa?" Hakusema kwa ukali. "Saa kumi na moja nitakuwa uwanjani. Ama utasema wewe, ama nitampima kila mmoja mpaka nimpate."

Saa kumi na moja wachezaji walikuwa wanafunga kamba za viatu. Tinga alipomwona mjomba wake anakuja na kofia aliachia tabasamu lake lote, na tabasamu lile nusura limfanye mzee arudi nyumbani. Ndoo ilishageuzwa. Nahodha aliifuata nyundo kwenye mfuko wa zana bila kuagizwa. Mzee Sponji akajikuta amekaa, ameivaa, kwa mazoea tu, na mduara umemzunguka.

"Hodi!" Nyundo ikatua. Kweli hakusikia maumivu yoyote. Ilikuwa kofia bora kuliko zote.

Hakujibu.

"Hodi, mzee!" Nyundo ikatua tena. Mmoja akaanza kucheka, akiona mzee leo kaja na mchezo mpya.

"Hodi! Kwani wenyewe wamehama?"

Alivua kofia. Nywele zake chache zilikuwa zimesimama, na hakuna aliyecheka tena, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Hizi kofia ni za masikio," alisema. "Nimewaambia mambo mengine, na mambo hayo si kweli. Sikujua kwamba si kweli, lakini niliambiwa, nikaona najua zaidi. Jumapili mtu aligongwa hapa, na mimi nikapiga kelele kwamba yuko sawa. Mimi fundi makochi. Najua nini kuhusu kichwa cha mtu?" Akamgeukia kocha. "Hayuko sawa. Jua linamchoma. Ananiuliza kitu kimoja mara tatu."

Hakutaja jina. Haikuwa lazima, macho yote yalishahamia kwa Tinga.

"Mjomba." Tinga alisema kwa sauti ndogo ambayo haikulingana na mabega yale. "Uliniahidi."

"Nilimwahidi mama yako kwanza."

Tinga hakuichukua kofia aliyonyooshewa. Muuguzi alimshika mkono akaondoka naye kuelekea kwenye kivuli cha ukuta, na kocha akabaki amesimama, ameinamisha kichwa, kwa sababu naye alijua kwamba Jumapili alimwuliza aliyegongwa badala ya kumtoa.

Jumamosi wateuzi walikuja, wakaandika majina ya wachezaji, wakaondoka na mchezaji mwingine. Tinga alikuwa nyumbani kwa mjomba, chumbani, amelala gizani. Muuguzi alikuwa amesema apumzike, mwanga uwe hafifu, kelele ziwe chache. Mzee Sponji alikwenda kuangalia pazia la dirisha lile, akaona jua linapita, akarudi karakanani akachukua mahameli nyekundu nzito iliyokuwa imeagizwa kwa kochi la hakimu, akaipigilia dirishani. Tuseme kweli, hakupigilia. Aliishona kwenye pazia la zamani kwa mkono, kimyakimya, kwa sababu tangu Jumatano nyundo zote alikuwa amezifungia ndani ya sanduku. Kazi za fremu alizikataa. Alipokea za kushona tu. Wauza vitu waliopita wakipaza sauti aliwakimbilia barabarani na kidole mdomoni. Siku ya pili alihisi kwamba hata mlio wa saa unapenya ukutani, basi akapanda stuli akaisimamisha.

Tinga hakusema naye. Chakula alikipokea kwa mke wa mjomba, na mjomba alipofungua mlango aligeukia ukutani. Hata hivyo kila siku mzee aliketi kwenye kiti nje ya mlango ule na sindano yake, akashona, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake mke wake alimwona amekaa mchana kutwa bila kusema neno. Ilimtia huruma kiasi kwamba alimletea chai bila kuombwa.

Siku ya saba sauti ilitoka gizani.

"Mjomba, hiki kitambaa cha dirishani si cha kochi la hakimu?"

Mzee aliruka karibu aangushe kikombe. "Ndicho."

"Na hakimu je?"

"Atakalia ubao kwanza. Ataona wenzake wanavyojisikia kizimbani."

Kicheko kilianza, kikakatika. "Usinichekeshe, inauma," Tinga alisema. Kisha akaongeza, "Bado nimekasirika."

"Kasirika, mama. Kasirika unavyotaka. Mimi niko hapa."

"Mjomba?"

"Naam."

"Umekula?"

"Nimekula."

Alimwuliza tena kabla ya jua kuzama, na kesho yake mara mbili, na mjomba alijibu kila mara kama vile ndiyo mara ya kwanza.

Tinga alipona taratibu, kwa utaratibu uliomchosha kila mtu. Alianza kwa kutembea hadi mwisho wa mtaa, akirudi mapema siku ambazo kichwa kiligoma. Alianza kazi nusu siku, akae kaunta asibebe. Muuguzi alikuwa na ngazi zake, hakuna kuruka hata moja, na alisema wazi kwamba kwenye kukabana kabisa atamrudisha siku atakayoridhika yeye. Wateuzi walisema huenda wakaja tena mwaka ujao. Hakuna aliyemwahidi Tinga kitu, wala yeye hakujidanganya. Aliwahi kulia kwa ajili hiyo, karakanani, juu ya gunia la sponji laini, na mjomba hakujaribu kumnyamazisha. Uwanjani kocha aliweka sheria mpya: anayegongwa kichwa anatoka, na haulizwi mtu yeyote aliye pembeni, hasa wazee.

Kofia aliendelea kuzishona, maana masikio nayo ni masikio. Ila kila moja mke wake aliishonea ndani, mahali pa kipaji cha uso, kitambaa cheupe chenye maneno ya uzi mwekundu: Hii ni ya masikio. Ukigongwa, toka. Nyundo ya mbao nahodha aliirudisha kwenye kazi yake ya kugongea vigingi vya uwanja.

Wiki ya nane Tinga alirudi kazini siku nzima. Mchana akaja na mkate na mayai, kama zamani. Mzee Sponji alikuwa anamalizia lile kochi la hakimu, ambalo sasa lilikuwa la kijani.

"Mjomba, umekula?" Tinga aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, nilikuwa nakungoja."

Walikula. Tinga alisimulia kisa cha mteja aliyerudisha choo kizima akidai kwamba rangi yake haimfurahishi mkewe. Akaosha sahani. Akarudi akijifuta mikono, akaketi juu ya gunia, na mzee akaacha kushona. Alishika sindano hewani, akainamisha uso kwenye kitambaa ili asionekane, akangoja.

"Mbona saa imesimama?" Tinga aliuliza. "Nitajuaje muda wa kurudi?" Akapanda stuli mwenyewe, akatia ufunguo, akakisia saa ngapi, akashuka. Akabinya magunia kuona kama yamechanganywa. Akaeleza kwamba Ijumaa muuguzi atamruhusu kukimbia na mpira mkononi, bila mtu wa kumkaba. Mzee aliitikia ndiyo, ndiyo. Tinga akasimama mlangoni, jua likampiga usoni, naye hakuinua mkono kulikinga. Akageuka.

Mzee Sponji alibana midomo.

"Haya mjomba. Jioni."

Akaenda zake, mabega yale yakatoweka kwenye kona ya mtaa. Mke wa mzee, aliyekuja kuchukua sahani, alimkuta mumewe amefunika uso kwa kipande cha mahameli ya kijani, analia kama mtoto.

"Una nini wewe tena?"

"Hajauliza."

"Hajauliza nini?"

"Kama nimekula," alisema mzee. "Ameuliza mara moja tu."